Hivi kwa nini mwanamke ukivuka mpaka kwa basi peke yako unahojiwa kama mtuhumiwa?

#1 Mrembo wa Njia
Wakuu salama? Naomba kueleweshwa. Wanawake wenzangu mnaopanda basi peke yenu kwenda Nairobi, Kampala, Kigali, Lusaka, na nyie mnakutana na haya au ni mimi tu nina damu ya kunguni?

Juzi kati nimevuka mpaka mmoja, siutaji maana bado nautumia. Foleni ndefu, mbele yangu vijana wa kiume kadhaa, afisa anapokea pasi anaangalia sura anagonga muhuri, haya mwingine. Nafika mimi. Unaenda wapi, kwa nani, huyo rafiki mlijuana wapi, unafanya kazi gani, kazini wanajua umetoka, umebeba shilingi ngapi, halafu ikaja ya kufungia, "mume wako anajua uko hapa?" Nikasema sijaolewa, akasema basi lete namba ya baba. Jamani mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kodi ya nyumba nalipa mwenyewe! Akaniambia simama pembeni. Nimesimama pembeni pasi yangu iko mezani kwake naitazama kwa mbali tu, konda huku nje anaimba "basi linaondoka, basi linaondoka hili".

Kilichoniokoa ni mama mmoja alikaa siti ya nyuma yangu, hata jina simjui, karudi ndani kasema "afisa huyu mwanangu niko naye, mbona mnamchelewesha?" Hapo hapo muhuri kwaa, nenda.

Sasa swali, wanatafuta nini hasa? Na mtu anajiandaaje?

#2 Kisiki cha Mpingo
Namba ya baba? Huyo alikuwa anatuma posa kiaina 😂😂

#3 zuwena_tz
Kisiki kaa kwa kutulia, mambo ya watu wazima haya. Dada pole, sio wewe peke yako. Mimi niliulizwa mpaka kwa nini sijabeba begi kubwa. Safari nyingine nikaulizwa kwa nini nimebeba begi kubwa.

#4 Sajenti Kalamu
Ngoja niwape upande wa pili, msije mkanirushia mawe. Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na afisa wa mpakani akimpitisha binti halafu binti akaja kuonekana kafungiwa ndani huko Uarabuni swali linarudi kwa aliyegonga muhuri. Mabinti wanaoahidiwa kazi za ndani Ghuba wengine hawapandishwi ndege hapa, wanapelekwa kwa basi nchi jirani ndio waruke kutokea kule. Sasa afisa anaona nini kwenye foleni? Binti, peke yake, basi, pasi mpya, anakwenda kwa "rafiki". Lazima aulize.

Na maswali yana mpangilio msione ni umbea. Nani kakukatia tiketi? Nani anakupokea? Pasi unashika mwenyewe au kuna mtu anakushikia? Aliyedanganywa mara nyingi hajui hata mtaa anaokwenda, ana namba ya simu tu.

Halafu Mrembo, huyo mama aliyekuokoa, nikuambie ukweli, ndio picha yenyewe. Wanaosafirisha mabinti wengi sio mibaba yenye miwani myeusi kama mnavyodhani, ni mama mwenye heshima zake na kitenge, anakuja na kauli hiyo hiyo "huyu mwanangu niko naye".

#5 Mrembo wa Njia
Sajenti asante, ila umenichanganya zaidi. Kama wanatafuta wasafirishaji, mbona mama alivyosema niko naye hawakumuuliza hata jina langu nani? Majina kwenye pasi hayafanani, makabila hayafanani, yeye mweupe mimi nimeiva. Nilivyokuwa peke yangu ni mtuhumiwa, nilivyopata mwenyewe nikawa salama. Huo ulinzi gani?

#6 zuwena_tz
HAPO SASA. Sajenti jibu hilo.

#7 Chuga4Life
Mnazunguka sana, jibu ni chai. Mtu akiwa peke yake hana shahidi na basi linamsubiri, ukimweka pembeni dakika kumi anaanza kupapasa pochi mwenyewe bila kuombwa. Wanaume tunaonekana tutaleta ligi. Mama alivyokuja biashara ikafa, ndio maana muhuri ulitoka haraka. Sheria ya 2008 sijui nini ni koti tu la kuvalia.

#8 Sajenti Kalamu
@Chuga4Life aliombwa hela? Soma post namba moja vizuri, hakuna aliyemwomba hata mia. Zuwena, nakubali afisa yule alifanya kazi nusu. Kuuliza kaanza vizuri, ila alipoletewa jibu rahisi akalipokea. Uvivu wa mtu mmoja haufanyi maswali yawe mabaya.

#9 Chuga4Life
Hakuombwa kwa sababu hakukaa pembeni muda wa kutosha 😂

#10 konda mstaafu
Nimekula ukonda miaka mingi njia za kutoka nje ya nchi, acheni niseme neno la chuma. Kinachowaumiza dada zetu pale sio swali, ni BASI. Afisa akikuuliza maswali ishirini na huna haraka unajibu ishirini unaondoka. Tatizo unajibu huku shingo imegeukia dirishani unaangalia kama gari bado lipo, unajibu nusu nusu, unababaika, afisa naye akiona mtu anababaika anaanza upya.

Sasa niwape siri ya kazi. Konda akiimba "basi linaondoka" mara nyingi haliondoki, anachemsha watu wasizubae kwenye chipsi na kubadilisha hela. Basi lenyewe lina karatasi zake, orodha ya abiria, mizigo ya buti inakaguliwa na forodha, na hiyo huchukua muda kuliko nyie na mihuri yenu. Lakini na mimi siwadanganyi, kuna madereva wanaacha watu kweli, hasa mpaka ukiwa umejaa na nyuma kuna mabasi yanasukuma. Kwa hiyo ukishuka tu piga picha plate namba na ubavu wa basi, chukua namba ya konda wakati bado mko njiani sio pale pale, na jirani yako wa siti mwambie "nikichelewa wapigie kelele". Mtu mmoja tu akisema ndani ya basi "yule dada wa siti 14 hajarudi" gari haliondoki, nakuhakikishia.

Ukiachwa sio mwisho wa dunia pia. Begi la buti ndilo linauma, ndio maana pasi, hela, simu, chaja na kadi ya chanjo vinakaa kwenye mwili, sio kwenye siti, sio juu kwenye kereki.

#11 Kijana wa Mlolongo
Mimi ni Mkenya nakujanga Arusha na Dar kikazi. Nawaambia hata sisi wanaume tunaulizwa, sema nyinyi hamtuoni juu mko bize na yenu. Kijana kama mimi na backpack nikipita usiku nauliziwa mpaka jina la chifu wa kwetu. Mimi naona shida ni pasi mpya, kurasa nyeupe zote. Ukishajaza mihuri kidogo hakuna mtu ana time na wewe. Na kwani nyinyi hamtumii kitambulisho tu? Si tuko Afrika Mashariki?

#12 popo la usiku
@Kijana wa Mlolongo hapo rekebisha. Kitambulisho cha taifa ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014, Tanzania haimo. Sisi tunavuka na pasi au hati ya dharura ya kusafiria, NIDA peke yake haikuvushi. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) imeanza Julai 2010, raia wa EAC halipi viza na anaweza kupewa mpaka miezi 6, lakini kugongewa muhuri kuko pale pale. Watu wanachanganya kutolipa viza na kutoulizwa.

#13 Kisiki cha Mpingo
Na Zambia je, si tuko wote COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika?

#14 popo la usiku
Kisiki umelala toka lini? Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Na Zambia tunakutana SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika.

#15 mama Vitenge
Hamjambo wanangu. Mimi mipaka ndio shamba langu, na sijawahi kuulizwa mume yuko wapi. Hoja ya pasi mpya naikataa, maana pasi yangu ilipoisha nikapewa hii ya kielektroniki ikiwa nyeupe pee na bado nilipita kama kawaida. Mimi nasema wanaangalia unavyokaa. Mfanyabiashara anajulikana, anajua dirisha lipi, anashuka ameshafungua pasi kwenye ukurasa wa picha, anasalimia, "shikamoo afisa" hata kama ni mtoto wake wa kumzaa. Anayesafiri kutembea anashuka anashangaa shangaa kama kuku kaletwa harusini, na ndiye anayevutwa pembeni.

Ila kuna jambo linanikera hamlisemi. Hatari ya mwanamke peke yake haiko dirishani kwa afisa, iko kwenye foleni. Kuna siku kaja dada mgongoni ana mtoto, mkononi ana kifurushi kimefungwa kwa kanga ya bluu, ananiambia "dada nishikie nimbadilishe mtoto nepi nakuja". Nikamwambia weka chini hapo mbele yangu nitakulindia lakini mkono wangu haugusi. Akaniangalia, akakibeba akaenda kwa binti wa nyuma, yule binti akapokea kwa mikono miwili na tabasamu. Tulipofika kwenye ukaguzi yule wa mtoto alikuwa kasimama mbali kabisa, hamjui mtu. Kilikuwa na nini sijui, binti nilimwona anafungua kifurushi mbele ya askari huku analia, gari letu likaondoka. Wanachagua mwanamke aliye peke yake na mwenye huruma. Mtoto mgongoni ndio chambo.

#16 zuwena_tz
Mama umenitisha. Mimi ndiye yule wa mikono miwili na tabasamu kabisa.

#17 Sajenti Kalamu
Na ukikutwa nacho ni chako. "Nimeshikishwa" inasemwa na kila mtu pale.

#18 Mrembo wa Njia
Mama Vitenge asante sana. Lakini hoja ya "unavyokaa" mbona kama umri tu? Mama mtu mzima na vitenge vyake anaheshimiwa, sisi wa suruali ya jinzi na nywele za rasta ndio wa kuulizwa baba.

#19 mama Vitenge
Na umri upo, sikatai. Lakini wapo mabinti wa umri wako tunabeba nao vitenge na hakuna anayewagusa. Wana ile karatasi yao ya asili ya bidhaa, mzigo usiofika dola 2,000 wa bidhaa za Afrika Mashariki unapewa cheti kilichorahisishwa pale pale mpakani, wanaingia na karatasi mkononi. Karatasi inaongea mwanangu. Mtu asiye na karatasi ndiye anatakiwa aongee yeye.

#20 Nyuki Dume
Mimi nina nadharia tofauti na mtanichukia, maafisa wa kike ndio wanaowabana wanawake wenzao. Mke wangu anasema dirisha la mwanamke halipiti.

#21 zuwena_tz
@Nyuki Dume mimi nilivyokuwa siku zangu na kiti cha basi kimeshanichafua ni afisa wa kike ndiye alinitoa kwenye foleni akanionyesha choo cha ndani cha wafanyakazi akanishikia pasi akagonga nikatoka nimekuta tayari. Mke wako asituharibie.

#22 Nyuki Dume
Basi nimetulia mimi.

#23 jua kali sana
Tuongelee vyoo basi maana Zuwena kafungua mlango. Wanaume hamjui. Basi likisimama mpakani inabidi uchague, foleni ya muhuri au foleni ya choo, na choo kina mtu mlangoni anataka hela ya nchi ambayo bado hujaingia. Sarafu za pande zote mbili tembea nazo, pedi na tishu weka kwenye pochi ya mkononi. Na muhuri kwanza, choo baadaye, hata kama kinauma, maana ukiwa na muhuri ukiachwa unaweza kupanda gari lingine, bila muhuri huna pa kwenda.

#24 Kaunta Namba Tatu
Ushauri wa #23 ni dhahabu. Ila kuna jambo linawachanganya wageni wa mipaka ya pamoja. Namanga kwa mfano, ilizinduliwa rasmi 2018 kuwa kituo kimoja, ukitoka Arusha basi linapita jengo la Tanzania bila kusimama, mtu anaanza kupiga kelele "sijagongewa kutoka!" Tulia. Unaenda kushuka upande wa Kenya, ndani ya jengo moja unakuta afisa wa Tanzania anakugongea kutoka, unasogea dirisha linalofuata Mkenya anakugongea kuingia. Kurudi ni kinyume chake, unamalizia upande wa kwetu. Kilichobaki ni kuhakikisha umepata mihuri MIWILI kabla hujarudi kwenye gari. Watu wanagongewa mmoja wanakimbilia basi kwa sababu ya hizo nyimbo za konda mstaafu.

#25 konda mstaafu
Nyimbo zangu zimewafikisha wengi usinilaumu 😂 Ila kweli, muhuri mmoja nimewahi kurudi na abiria kilomita kadhaa usiku sababu ya huo.

#26 Mtoto wa Tunduma
Mmenisahau. Mnaokuja Tunduma na Nakonde, hapo navyo ni kituo kimoja, ila kumbukeni Zambia iko nyuma yetu saa 1. Konda akisema tunaondoka saa tatu muulize saa tatu ya wapi. Nimeona dada kakaa kula kwa starehe simu imeshajibadilisha yenyewe, gari limeondoka kwa saa ya Bongo.

La pili wabadilisha hela. Zambia walikata sifuri tatu kwenye kwacha Januari 2013. Noti ikiwa na maelfu juu yake hiyo ni karatasi ya kufungia karanga, na bado wapo wanaomchomekea mgeni, hasa mwanamke aliye peke yake na ana haraka, anakunja noti mpya juu za zamani katikati. Ihesabu wewe, noti moja moja, imefunguliwa, mbele yake. Akisema "fanya haraka polisi wanakuja" mrudishie hela yake hapo hapo.

#27 Chuga4Life
Namanga nao hawajambo. Shilingi ya Kenya inacheza kwenye 19 au 20 za kwetu, kikokotoo chake ukikiangalia kinakupa 15 na anakuonyesha skrini kwa ujasiri kabisa. Tumia simu yako.

#28 Sajenti Kalamu
Turudi kwenye mada. Kujiandaa kwenyewe sio kugumu. Jina kamili na mtaa wa mwenyeji, andika kwenye karatasi sio kwenye simu tu, simu huzimika. Tiketi ya kurudi kama unayo. Barua ya likizo kama umeajiriwa. Kadi ya homa ya manjano, na wale wa kuchanja jana kusafiri leo, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, ila kikishaanza ni cha maisha, tangu Julai 2016 hakuna tena habari ya kurudia kila miaka 10. Afisa akikwambia kimeisha muonyeshe tarehe, kwa upole.

#29 Mrembo wa Njia
Sajenti nilikuwa na karatasi ya anwani, nilikuwa na barua ya likizo yenye muhuri wa ofisi, nilikuwa na kadi ya njano. Vyote nilivitoa mezani. Akavisogeza pembeni akauliza baba. Ndio maana nasema tusidanganyane kwamba ni maandalizi tu. Kuna maafisa kichwani mwao mwanamke hasafiri, anasafirishwa.

#30 Sajenti Kalamu
Hapo siwezi kukubishia, sikuwepo. Ila ningekuwa wewe ningemwomba msimamizi wa zamu kwa sauti ya kawaida, "naomba kuongea na msimamizi wako", bila kupanda. Wengi muhuri hutoka kabla hujamaliza sentensi.

#31 jua kali sana
Au atakuweka pembeni mpaka kesho. Sajenti wewe mwanaume unaongea tu. Mimi natoa namba ya kaka yangu, tumeshakubaliana akipigiwa aseme "namjua, nimemruhusu". Najua ni ujinga kuruhusiwa na mtoto niliyembeba mgongoni lakini napita.

#32 zuwena_tz
@jua kali sana umenivunja mbavu, kaka yako ana miaka mingapi?

#33 jua kali sana
Yuko chuo mwaka wa kwanza. Ana sauti nzito ndio maana tulimchagua 😂

#34 Kijana wa Mlolongo
Hiyo ya sauti nzito naikopa, nitamwambia dada yangu. Pia mkuje Kenya muache mifuko ya plastiki, tulipiga marufuku 2017.

#35 Kaunta Namba Tatu
Na sisi rambo tulizipiga marufuku Juni 2019, msituringie. Rwanda ndio mababu wa hiyo kitu, tangu 2008. Ukivuka daraja la Rusumo basi linahamia kulia mwa barabara, kabla hata hujazoea kuona magari yanakuja upande mwingine wanakukagulia begi, nguo zilizofungwa kwenye nailoni zinatolewa zote mezani. Dada zangu chupi msizifunge kwenye rambo, nimemaliza.

#36 Kisiki cha Mpingo
Uzi ulianza na baba sasa umefika kwenye chupi. Nimekaa siti ya mbele.

#37 mama Vitenge
Kisiki siti ya mbele ni ya wanawake wanaosafiri peke yao, karibu na dereva, toka hapo.

#38 Njiwa wa Bukoba
Samahani nadandia uzi. Kuna aliyepita Mutukula kwa basi la usiku hivi karibuni? Naenda Kampala Alhamisi, niko peke yangu, pasi nyeupe, suruali ya jinzi, rasta. Mwenyeji ni shangazi kweli kweli sio wa kuazima.

#39 konda mstaafu
Nitumie ujumbe kwa faragha nikupe namba ya konda ninayemwamini. Na muombe shangazi akae macho simu ikiwa na chaji, usiku huo watampigia.

#40 Chuga4Life
Beba na hela ya chai.

#41 Sajenti Kalamu
Usibebe. Chuga umeshaanza tena.